Mwalimu anayejikwaa: Nikaidou wa Shugo Chara! na mayai ya watoto

Bandugu wa promosyo, kama mumeisha tazama anime tatu ao nne za wasichana wenye nguvu za ajabu, mwalimu huyu munamujua tayari. Anaingia darasani akiwa amechelewa, ao analia juu ya mchumba aliyemuacha, ao anajikwaa pale ku mlango na makaratasi yote yanamwagika chini. Watoto wanacheka. Kengele inalia, yeye anabaki nyuma anaokota, na hadithi yenyewe inaenda kwingine, kule msichana wa miaka kumi na kitu anaokoa watu bila mtu mzima hata mmoja kujua.

Wengi wetu tunamupita tu. Ni mtu wa kuchekesha, basi. Leo nimependa nibaki naye, na zaidi nibaki na mmoja: Nikaidou Yuu wa Shugo Chara!. Ninaona yeye njo mwalimu pekee wa aina hii ambaye waandishi walijiuliza juu yake swali ambalo wengine waliliruka: huyu mtu mzima anayeanguka-anguka, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa namna gani? Swali ni zuri sana. Jibu walilolitoa, nusu yake ni zuri pia. Nusu ingine tutaigombania hapa chini.

Kwanza neno. Wajapani wanaita aina hii mahou shoujo, na wengi wanatafsiri mbio mbio kusema wasichana wa uchawi. Mimi hapa siandiki hivyo. Kwetu neno uchawi likitajwa pamoja na neno mtoto, si mambo ya kuchezea. Kuna watoto wanaolala barabarani juu ya maneno hayo mawili. Kwa hiyo nitasema wasichana wenye nguvu za ajabu, hata kama ni ndefu.

Sasa, kwa nini hizi anime ziko na mwalimu wa namna hii karibu kila mara? Sababu ni ya kazi, si ya kucheka. Hadithi inamuhitaji mtoto apigane peke yake. Na mtoto wa miaka kumi ao kumi na ine anapitisha siku nzima mbele ya nani? Mbele ya mzazi na mbele ya mwalimu. Kama mwalimu ana macho mazuri, hadithi imekufa: ataona alama za mikwaruzo, ataona usingizi, ataita wazazi. Kwa hiyo waandishi wanamufunga macho. Wanamupa hasira za haraka, ao matatizo ya ndoa, ao miguu isiyoshika njia.

Angalia Sailor Moon, iliyoanza ku televisheni ya Japani mwaka 1992. Mwalimu wa Usagi anaitwa Sakurada Haruna. Usagi anachelewa, Haruna anamutoa asimame kule koridoni. Zaidi ya hapo, Haruna anahangaikia kupata bwana. Sailor Senshi wanakufa na kufufuka, yeye bado anatafuta bwana. Ni kichekesho cha wakati ule, na kimezeeka vibaya, lakini kazi yake kinaifanya: mwalimu anaangalia kwake, haangalii mtoto.

Ao chukua Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, ile iliyowatia watu wengi baridi. Katika kipindi cha kwanza kabisa, mwalimu Saotome Kazuko anauliza darasa lote kwa sauti kali: yai la kukaanga, liive nusu ao liive lote? Mwanafunzi mmoja masikini, Nakazawa, anajibu kwamba yoyote ni sawa. Kumbe mwalimu ametoka kuachana na mwanaume juu ya yai. Anapomaliza hasira zake, njo anakumbuka, kama kitu kidogo tu, kwamba kuna mwanafunzi mupya nje ya mlango. Mwanafunzi huyo ni Akemi Homura, na kama munajua Madoka, munajua uzito wa kile kilichokuwa kinangoja ku mlango wakati mwalimu anaongea yai. Ninapenda sana pale. Kichekesho na hatari vinapita ku mlango mumoja. Na karibu na mwisho Saotome anapewa nafasi ingine: anakaa ku baa na mama ya Madoka, rafiki yake, wanaongea juu ya watoto ambao hawawaelewi tena. Ni fupi. Lakini hata pale, yeye haoni kitu. Amefungwa macho mupaka mwisho.

Mukamate vizuri hilo jambo la kufungwa macho, maana njo Shugo Chara! inapoligeuza.

Kwa wasioijua: Shugo Chara! ni manga ya Peach-Pit, ambao ni wanawake wawili wanaochora pamoja, Banri Sendo na Shibuko Ebara. Ilitoka katika gazeti la Nakayoshi, lile lile lililotoa Sailor Moon na Cardcaptor Sakura, na mwaka 2008 ilipata tuzo ya Kodansha upande wa manga za watoto. Anime yake ilianza mwezi wa kumi 2007, ikaenda misimu mitatu mupaka 2010, vipindi 127 kwa jumla. Ni mingi, ninajua. Nitarudi ku hilo.

Wazo lake ni rahisi na ni la nguvu. Kila mtoto ana yai ndani ya moyo wake, na ndani ya yai kuna mtu yule ambaye angependa kuwa. Kwa watoto wachache yai linatoka nje kweli, linapasuka, na anatoka mtu mudogo anayeitwa Shugo Chara. Hinamori Amu, msichana ambaye shule nzima inamuona kama mukali na mwenye kujiamini wakati ndani ni muoga tu, anaamka asubuhi moja akiwa na mayai matatu kitandani: Ran, Miki na Su. Upande mwingine, mtoto akikata tamaa, yai lake linageuka kuwa jeusi lenye alama ya X, na kazi ya Amu na wenzake, Guardians wa shule, ni kuyasafisha. Na kuna kampuni kubwa, Easter, inayotafuta yai moja la pekee, Embryo, linaloweza kutimiza kila ombi. Ili kulipata, Easter inatoa mayai ya watoto na kuyaharibu, moja baada ya lingine, kama mtu anayelima shamba lote la mwenzake akitafuta muhogo mumoja.

(Kuanzia hapa ninasema mambo yote. Hadithi ina miaka zaidi ya kumi na tano, mutanisamehe.)

Nikaidou anaingia kama mwalimu wa darasa la Amu. Miwani, nywele ndefu zimefungwa nyuma ovyo, tabasamu la mtu asiyejua kama kuna vita. Anajikwaa. Anaangusha vitu. Watoto wanamupenda vile watoto wanavyopenda mwalimu asiyeogopesha. Na kuna kichekesho kimoja kinachorudi-rudi: hawezi kulishika jina la Amu. Anamuita Himamori. Amu anamusahihisha: ni Hinamori. Kesho yake tena, Himamori.

Nikae kidogo ku jina hilo. Kwa sikio la Kijapani, hina ni kifaranga, na hima ni muda mtupu, kukosa kazi. Mtoto aliyeangua mayai matatu, jina lake linasikika kama kifaranga, na mwalimu wake anamuita kama mtu asiye na la kufanya. Lakini hata bila Kijapani, kila mtu aliyesoma darasa la watoto sitini anajua ginsi inavyouma mwalimu kukosea jina lako mwaka muzima. Mtu anaangusha chaki, tunacheka wote, yeye wa kwanza. Anakosea jina, mumoja hacheki. Waandishi waliweka ndani ya kichekesho kitu kidogo chenye makali, na hatukukiona kwa sababu tulikuwa tunacheka.

Halafu kinatokea kile ambacho munakijua ao munakikisia. Mwalimu huyu ni mtu wa Easter. Alikuja shuleni kwa ajili ya mayai. Na hawa watu wadogo wanaoruka kando ya kichwa cha Amu, ambao watu wazima wengine hawawaoni, yeye alikuwa anawaona. Alijifanya haoni.

Mapo! Hapa njo ninapotaka tusimame, kwa sababu wengi wakifika hapa wanasema: sawa, ni ile janja ya zamani, mupumbavu kumbe ni mwenye akili, mupole kumbe ni mubaya. Wanaichukua kama kugeuza shati ndani-nje. Mimi ninaona ni kitu kingine. Kwa miaka kumi na tano kabla yake, mwalimu wa anime hizi alifungwa macho na waandishi ili mtoto awe huru. Nikaidou ni mwalimu aliyejifunga macho mwenyewe ili mtoto asiwe huru. Desturi nzima ya aina hii ya hadithi anaivaa kama nguo. Anajua kwamba sisi watazamaji, na Amu pamoja nasi, tumezoea kutomuangalia mwalimu anayeanguka. Anajificha ndani ya mazoea yetu. Kwa hiyo aliyedanganywa si Amu peke yake. Na anime ya watoto wadogo kufanya hivyo bila kujisifu, bila kutukonyeza jicho, mimi naiheshimu.

Lakini janja peke yake isingetosha kuniandikisha kurasa hizi. Kuna sehemu ya pili, na sehemu ya pili ni Su.

Su ni yule wa kijani, mwenye alama ya jani, anayependa kupika na kusafisha. Mashabiki wengi hawamujali. Ran ana nguvu, Miki ana sanaa, Su ana ufagio. Nikaidou anapomushika na kumupeleka kwake, tunategemea maabara ya mtu mubaya, taa nyekundu, mashine. Tunakuta nyumba chafu. Vitu vimelala ovyo kila mahali. Na Su, mufungwa, anafanya kile anachojua: anaanza kupanga.

Ukiangalia vizuri, nyumba ile inavunja ile habari rahisi ya kwamba fujo zake zilikuwa za kuigiza. Hakuna mwanafunzi pale wa kudanganya. Hakuna anayemutazama. Na bado ni fujo. Inamaanisha kwamba uongo wake ulikuwa umejengwa na kitu cha kweli: mtu huyu kweli hajui kujitunza, kweli vitu vinamuanguka mukononi. Alichokificha darasani ni sababu ya kuanguka. Kuanguka kwenyewe hakukuficha.

Sababu tunaipata kupitia Su. Nikaidou mtoto alikuwa anapenda kutengeneza roboti. Hiyo njo ilikuwa ndani ya yai lake. Na watu wazima wa kwao hawakutaka. Walitaka mitihani, walitaka masomo yenye maana kwao. Yai lake halikugeuka X. Lilivunjika.

Musinicheke kama hapa naanza kuongea kama mtu wa kilimo, ni kazi niliyosomea. Tukipima mbegu kama ni nzima, tunahesabu mia, tunaziweka mu unyevu, tunangoja siku zinazohitajika, tunahesabu zilizoota. Zile ambazo hazikuota, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika zote: zimekufa. Prof anakata jibu lake kwa kalamu nyekundu. Kwa sababu kati ya zile ambazo hazikuota kuna za namna mbili kubwa. Kuna zinazolala: ukizibonyeza bado ziko ngumu, ndani kuna uhai, ni ganda tu linalozuia maji kuingia. Leucaena iko hivyo. Unazimwagia maji ya moto, ao unalikwaruza ganda, na zinaamka. Halafu kuna zilizokufa kweli. Ukibonyeza, inapasuka, ndani ni uji na ukungu. Hata umwagie maji ya moto ya dunia nzima. Mu maabara yenye vifaa kuna dawa, tetrazolium, inayopaka nyekundu sehemu zinazoishi; mbegu iliyokufa inabaki bila rangi.

Yai la X ni mbegu inayolala. Amu anaita Open Heart, ganda linalainika, mtoto anaamka na hamu yake imerudi. Kipindi baada ya kipindi njo hivyo, na ndiyo sababu anime hii inachosha kidogo: dawa ni moja, na inafanya kazi kila mara. Nikaidou ni mbegu ya pili. Kwa mara ya kwanza hadithi inamuweka Amu mbele ya mtu ambaye maji ya moto hayamufai. Nguvu zake zote zilitengenezwa kwa ajili ya watoto ambao bado. Huyu si bado. Huyu ameisha.

Na utaona kwamba katika sehemu hii Amu anapata mageuko mapya, Amulet Clover, kwa nguvu za Su. Uwezo wake unaitwa Remake Honey: kutengeneza kilichovunjika. Si kupiga, si kurusha kitu. Kutengeneza. Ile shiriki ya jikoni ambayo tuliona haina maana njo inayofaa mbele ya adui ambaye shida yake ni kuvunjika. Mpango huo ni safi. Ninaujua kwamba ni safi kwa sababu nilipotazama mara ya kwanza sikuona kwamba ni mpango, niliona tu kwamba nimeguswa.

Sasa magomvi.

Hadithi haimurudishii Nikaidou utoto wake. Anabaki mtu mzima, haambatani na Shugo Chara wake kama watoto wanavyoambatana nao. Hapo ninasema asante, kwa sababu dawa ya kila kitu ingekuwa uongo. Kinachofuata ni kwamba anaacha kazi ya Easter na anabaki mwalimu, mwalimu wa kweli mara hii. Na wasomaji wengi, hata wale wanaopenda hadithi hii kama mimi, wanafurahia kwa maneno haya: ndoto yake ilikufa, lakini sasa itakuwa mbolea ya ndoto za watoto.

Mimi sentensi hiyo siipendi. Niliisikia mingi maishani, kwa sauti ya heshima sana. Mbegu iliyooza kweli ni mbolea, hiyo ni sayansi ya udongo, sibishi. Lakini mtu si mbolea. Ukimuambia mwalimu kwamba thamani yake ni kuoza vizuri chini ya wengine, umemuandaa kuwa Nikaidou wa kwanza, si wa pili. Siku moja ataangalia mtoto mwenye yai zima na atauliza: kwa nini yeye?

Kwa bahati, sidhani Shugo Chara! yenyewe inasema hivyo. Angalia kinachomubadilisha. Hakuna hotuba ya kumuambia watoto wanamuhitaji, ajitoe sadaka. Kuna mtu mudogo aliyemufagilia nyumba, aliyeona roboti zake za zamani na kuziona kama kitu kizuri. Kwanza ilikuwa lazima mtu mumoja aangalie kile alichokuwa anakipenda bila kumuuliza kitamuletea nini. Kisha njo akaweza kusimama mbele ya watoto bila wivu. Mupangilio huo, kutazamwa kwanza, kufundisha baadaye, hauko ndani ya ile sentensi ya mbolea.

Pale ninapoinyima alama ni kwa upande wa watoto wenyewe. Mwalimu huyu alitumia darasa kama shamba la kuvunia. Hadithi inatumia muda mwingi ku huzuni yake, na muda mudogo sana ku wale ambao mayai yao yalipita mikononi mwake. Wale watoto tunawaona wakianguka, tunawaona wakiamka, basi. Hakuna hata mmoja anayekaa mbele yake na kumuuliza. Anasamehewa na Amu kwa niaba ya wote, na Amu hakuombwa na yeyote kusamehe kwa niaba yake. Ninajua jibu: ni anime ya watoto wadogo, mambo lazima yaende. Lakini watoto wadogo njo wanaojua zaidi ya wote maana ya mwalimu kukosa kukuomba radhi.

Baada ya hapo anakuwa tena mtu wa kando. Anapita kuchekesha, anasaidia hapa na pale, na mwisho wa manga anaoana na Sanjou Yukari, ambaye naye alikuwa Easter. Ndoa ile mimi sina shida nayo wala furaha nayo. Ni kama mwandishi anayepanga viti baada ya mukutano. Lakini kitu kimoja mubaya kinatokana nayo: ile maswali kubwa, mtu mzima aliyevunjika, inaachwa kwake na haiendelei sana kwa wengine. Easter yote imejaa watu wazima ambao tungeweza kuwauliza vilevile. Na tunapofika juu kabisa, kwa mukubwa wao wanayemuita Gozen, tunakuta ni mtoto, Hikaru. Wazo zuri, ninakubali: kampuni inayokula utoto imeweka mtoto ku kiti. Ila kwa kumuweka mtoto pale, hadithi inarudi kwenye dawa yake ya kawaida, ile inayofanya kazi kila mara. Nikaidou anabaki peke yake kama kesi ngumu.

Mutauliza: wewe mtu wa agronomi, na sisi wenye kusoma hapa, hii inatuhusu nini?

Nitasema kwa ufupi, maana sitaki kugeuza anime ya Japani kuwa mahubiri ya kwetu. Kati yetu tuliomaliza lisansi, ni wangapi leo wanashika chaki kwa sababu kazi waliyosomea haikupatikana? Mimi nilifundisha biolojia miaka miwili, mu masomo moja ambayo sitaitaja, mushahara ukifika ao usipofika. Tangu masomo ya msingi ya serikali yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yalijaa kuliko zamani, na mwalimu ambaye hakupanga kuwa mwalimu amekuwa mtu wa kawaida kabisa. Tunaingia darasani na yai letu mufukoni. Wengine limelala. Wengine, tuseme ukweli, limevunjika, na wanajua siku lilipovunjika na nani alikuwa amelikanyaga.

Na kuna namna ya kuanguka mbele ya watoto ambayo ni ya kuchekesha, na kuna ingine. Kumuambia mtoto anayechora ndege pembeni ya daftari kwamba injinia hatoki ku mtaa huu: hapo hakuna mashine ya Easter, hakuna kampuni, mwalimu ametoa yai kwa mukono wake mwenyewe, halafu ameenda nyumbani akiamini kwamba amefundisha ukweli wa maisha. Nikaidou angalau alijua anachokifanya. Njo maana yeye, kati ya walimu wote wa anime hizi, njo ananitisha kidogo.

Kwa wanaotaka kuanza: vipindi 127 ni mingi, na katikati kuna siku nyingi za pikiniki na keki. Kama hamuna muda ao megabaiti, chukueni manga. Sehemu ya Nikaidou iko mapema na inaenda mbio, bila maji mengi ndani ya supu. Lakini kama muko na muda, anime ina faida moja katika sehemu hii: inakupa wiki nyingi za kumucheka kabla ya kujua. Ukisoma manga kwa usiku mumoja, hujapata muda wa kumuzoea, na ukimukosa kumuzoea, janja yake haikushiki.

Halafu mukifika pale Su anaanza kupanga zile takataka, musiruke mbele. Hakuna vita pale, najua, na muziki ni mupole. Angalieni vitu anavyookota. Mwenye kuona kwamba ninampa Su sifa nyingi kuliko anavyostahili, aandike hapa chini. Mwenzetu mumoja wa fakilte ya sheria alisha niambia kwamba mwenye kumubadilisha Nikaidou ni Amu tu, na Su ni ufagio. Bado sijakubali.